Jarida la mbao na alama yake ndogo

SWALI: Bwana Mhariri, mimi ni mwanafunzi wa shahada ya uzamili, mkazi wa Chumbageni, Tanga. Nimetafiti bodi zinazotengenezwa kwa makapi ya mkonge yanayomwagwa nyuma ya korona (kiwanda cha kuchakata mkonge), na nataka kupeleka makala yangu kwenye jarida la kisayansi la mbao na malighafi za mimea. Mwenzangu anayesomea tiba ananicheka kwamba majarida hayo yana kipimo cha athari cha chini mno. Kipimo hicho hupatikanaje, na je, ndicho kiniongoze?

JIBU: Ndugu msomaji, hesabu yenyewe ni ya gawanya tu. Tuseme jarida lilichapisha makala 200 katika miaka ya 2022 na 2023 kwa jumla, na mwaka 2024 makala hizo zikarejelewa mara 500 na watafiti wengine. Kipimo chake cha athari cha mwaka 2024 kitakuwa 500 gawanya kwa 200, yaani wastani wa 2.5 kwa kila makala. Fikra hiyo ilitolewa na Eugene Garfield wa Marekani mwaka 1955, na orodha za kila mwaka zilianza kutolewa miaka ya 1970, zikawafaa sana wakutubi waliohitaji kuamua ni majarida gani yalipiwe. Kumpima mtafiti mmoja mmoja ni matumizi yaliyozuka baadaye.

Tatizo la mbao limo katika ile miaka miwili. Anayetaka kujua kama dawa fulani inahifadhi mtiki wa shamba la miti la Longuza, Muheza, hufukia vigingi nusu ardhini, akarudi kila mwaka kuvitoa, kuvigonga na kutazama mchwa wamefika wapi. Jaribio la namna hiyo huweza kuchukua miaka mitano au zaidi. Mtafiti mwingine akiliendeleza na kuirejelea makala ya kwanza, muda wa kuhesabiwa umekwishapita zamani. Katika tiba watafiti ni wengi, marejeo yao ni marefu na mengi ni ya juzijuzi, kwa hiyo namba hupanda upesi. Kulinganisha fani hizo mbili ni sawa na kumshindanisha mpanda mchicha na mpanda mnazi kwa mavuno ya mwezi mmoja. Mwambie mwenzako hivyo, kwa upole.

Isitoshe, wastani huficha mengi, kwani makala chache, hasa za mapitio (zinazokusanya tafiti za wengine), huweza kubeba sehemu kubwa ya marejeo huku nyingine zikikaa bila kuguswa. Ndiyo maana Azimio la San Francisco kuhusu tathmini ya utafiti, lililotokana na mkutano wa mwaka 2012, linapinga kutumia namba ya jarida kupimia ubora wa makala moja.

Ushauri wangu ni huu: fungua orodha ya marejeo uliyoandika wewe mwenyewe, uone makala ulizozitegemea zilichapishwa wapi, kwa kuwa huko ndiko waliko watakaokusoma. Ukihitaji namba, linganisha majarida ya mbao kwa majarida ya mbao, tena kwa kipimo cha miaka mitano, ambacho nacho hutolewa.

Jihadhari pia na jarida linalokuahidi kukuchapisha kwa siku tatu ukilipa ada. Likijitangazia kipimo kikubwa, litafute kwanza katika orodha ya Clarivate, kampuni inayokokotoa vipimo hivyo siku hizi. Usipolikuta humo, namba hiyo usiiamini.