Mateka akirudi nyumbani, usimwamulie

Kaka yangu alikuwa na siku tatu tu nyumbani tangu aachiwe katika mabadilishano ya wafungwa wa vita. Asubuhi ile nilikwenda kumwamsha. Nilipofungua mlango wa chumba chake nikamkuta amesimama nyuma ya huo mlango, kashavaa, mikono mgongoni. Mlango haukuwa na ufunguo. Alikuwa anasubiri afunguliwe, na sikupata ujasiri wa kumuuliza amesimama pale tangu saa ngapi.

Hadi siku hiyo nilidhani upendo ni kumfanyia kila kitu. Kula hiki, sasa lala, fulani amekuja, toka umsalimie. Kumbe nilikuwa nimegeuka mlinzi wake mpya. Ukimpokea mtu wa namna hii, muulize. Taa izimwe au iachwe? Mlango ufungwe au ubaki wazi? Leo aonane na watu? Akisema hapana, basi hapana, hata kama mgeni ni shangazi aliyesafiri usiku kucha. Yaliyompata huko atayasimulia akitaka, na asipotaka pia ni haki yake.

Kwenye chakula tu ndiko msikilize daktari kwanza. Mtu aliyeshinda na njaa kwa muda mrefu akilishwa sana kwa ghafla, fosfeti na madini mengine hushuka kwenye damu, na moyo unaweza kusimama. Madaktari waliyaona hayo kwa mateka na watu wa kambini walipookolewa mwishoni mwa Vita Vikuu vya Pili. Anza kidogo kidogo.

Lakini kilichotuumiza zaidi ni hesabu. Kila mabadilishano yana hesabu yake: wangapi wametolewa ili huyu arudi. Gilad Shalit, askari wa Israeli aliyetekwa Juni 2006, aliachiwa Oktoba 2011 kwa wafungwa 1,027. Bowe Bergdahl, askari wa Marekani, aliachiwa mwaka 2014 kwa watu 5 wa Taliban, kundi la wapiganaji wa Afghanistan, waliokuwa wamefungwa Guantánamo, gereza la Marekani lililoko Kuba. Watu hubishana kama bei ilistahili, na waliouliwa ndugu zao na hao walioachiwa wana haki ya kuuliza. Waulize viongozi waliotia saini. Askari mwenyewe hakuketi kwenye meza ile.

Jirani yetu mmoja, kwa nia njema kabisa, alimwambia kaka, "Una bahati, umegharimu watu wengi." Kaka hakugusa chakula siku hiyo. Usiku akaja kuniambia habari za mwenzake waliyekuwa wakilala ubavu kwa ubavu, ambaye jina lake halikuwemo kwenye orodha. Nikataka kumbembeleza, nimwambie asijilaumu. Nashukuru nilinyamaza nikachukua kalamu.

Fanya hivyo na wewe. Anayetoka kifungoni mara nyingi ndiye pekee anayejua nani bado yu hai kule. Andika jina kamili, cheo, alama za mwilini, mahali na siku alipoonekana mara ya mwisho, na hali ya afya yake. Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu ina kitengo cha kutafuta waliopotea vitani, na habari ya namna hiyo inaweza kuwa ya kwanza kumfikia mama wa mtu. Kaka alinitajia majina 4 usiku ule. La yule mwenzake alinitajia herufi moja moja, kisha akaomba karatasi aone kama nimeliandika sawasawa.