Vumbi la Kazini na Saratani ya Mapafu: Daktari Anajibu

SWALI: Daktari, shikamoo. Mimi ni fundi wa vigae na mawe, na kazi ya kukata kwa grainda nimeifanya kwa miaka 18. Sigara sijaionja maishani. Hivi karibuni fundi mwenzangu, ambaye naye hakuwa mvutaji, amegundulika kuwa na saratani ya mapafu, na sisi tuliobaki tumegawanyika: wengine wanasema ni bahati mbaya tu, wengine wanailaumu kazi. Je, vumbi la mawe linaweza kuleta saratani, na kitambaa ninachojifunga puani kinanikinga?
Fundi Mkata Mawe

JIBU: Marahaba, Fundi, na pole kwa habari za mwenzako. Kwa mgonjwa mmoja ni vigumu kusema kwa uhakika kilichomletea saratani, lakini kuhusu vumbi lenyewe ubishi ulikwisha zamani. Silika, madini yaliyomo katika mchanga, zege, vigae na mawe mengi, iliwekwa mwaka 1997 na Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani katika kundi la kwanza, yaani la vitu vilivyothibitika kusababisha saratani kwa binadamu. Humo imo pia asbesto, imo gesi ya radoni inayowapata wachimbaji wa chini ya ardhi, umo moshi wa injini za dizeli tangu mwaka 2012, na wa kuchomelea vyuma tangu mwaka 2017. Na wanaodhani saratani ya mapafu ni ya wavuta sigara peke yao wakumbuke kwamba mwaka 1879, kabla sigara za viwandani hazijaenea, madaktari wa Ujerumani Härting na Hesse walikwisha eleza uvimbe wa mapafu uliokuwa ukiwaua wachimbaji madini wa Schneeberg.

Siku moja zima grainda, kisha uutazame mwale wa jua unaopenya dirishani. Chembe unazoziona ziking'aa na kutua sakafuni ni kubwa, na nyingi zikivutwa hunaswa puani au kooni, ukazipenga au ukazikohoa. Zinazodhuru zaidi ni zile zenye upana wa mikromita chache tu, ilhali unywele mmoja una mikromita 70 hivi. Hizo jicho halizioni, huendelea kuelea wakati wewe umeshakaa kula, na hufika hadi kwenye vifuko vya mwisho vya mapafu. Huko seli za kinga huzimeza, hushindwa kuzisaga, hufa na kuziachia upya, na mchochota huo ukiendelea kwa miaka huacha makovu na kuzilazimisha seli za mapafu kujigawa mara kwa mara, ambapo makosa yanayozaa saratani hupata nafasi.

Kwa hiyo kitambaa chako, hata ukikikuta jioni kimejaa vumbi upande wa nje, kisikupe moyo, kwa sababu kimezuia lile ambalo pua yako ingelizuia yenyewe. Kinga ya kweli huanzia kwenye msumeno: maji yakitiririka juu ya diski wakati wa kukata, sehemu kubwa ya vumbi hugeuka tope kabla haijaruka. Barakoa ya kuchuja chembe, iliyobana uso vizuri (ndevu huiharibia kazi), ni nyongeza tu. Acheni kufagia pakavu, na acheni kabisa ile tabia ya kujipuliza nguo kwa kompresa, ambayo kwa maoni yangu mwajiri angepaswa kuipiga marufuku leo hii. Kununua vifaa hivi ni wajibu wake pia, si wa fundi.

Ukienda hospitali kwa kikohozi kisichoisha, makohozi yenye damu, maumivu ya kifua au kupungua uzito, taja kazi yako hata usipoulizwa. Vumbi la silika huongeza pia uwezekano wa kifua kikuu, kwa hiyo usikubali kuanzishiwa dawa zake kwa kukisia, bila makohozi kupimwa.

SWALI: Nilivunja mapaa ya asbesto ujanani, na bado navuta sigara. Nikiacha sasa, si nitakuwa nimechelewa?
Msomaji, umri miaka 57

JIBU: Hujachelewa, ndugu yangu. Asbesto huweza kuchukua miaka 10 hadi 40 kabla ya kuleta saratani, na nyuzi zilizokwama hatuna namna ya kuzitoa, ila hatari yake na ya sigara huzidishana badala ya kujumlishana. Utafiti wa mwaka 1979 kuhusu mafundi wa kufunga vizuia joto wa Marekani na Kanada ulionyesha kuwa vifo vya saratani ya mapafu viliongezeka mara 5 kwa waliokutana na asbesto bila kuvuta, mara 11 kwa waliovuta bila asbesto, na zaidi ya mara 50 kwa waliokuwa na vyote viwili. Ukiacha sigara, hatari hiyo huanza kushuka mwaka baada ya mwaka. Mweleze daktari wako umevuta sigara ngapi kwa siku na kwa miaka mingapi, kwa kuwa hesabu hiyo, pamoja na umri wako, ndiyo itakayomwongoza kuamua kama upimwe mapafu kwa CT (kipimo cha picha za kompyuta) ya mionzi kidogo hata kabla ya kuanza kukohoa.