Muulize Fundi: Hita imegoma na nje kunaganda

Karibuni tena. Mwezi huu barua karibu zote zimetoka kwenye baridi, Marekani na Uingereza, na nyingi ni swali moja limevaa nguo tofauti: nyumba haipati joto, nianzie wapi kabla sijamlipa mtu? Kabla hatujaanza tuelewane kidogo, wenzetu wa Marekani wengi wana fanesi, ile mashine ya gesi inayopasha hewa na kuipuliza vyumbani, na wa Uingereza wana boila inayopasha maji yakazunguka kwenye radieta. Kwa hiyo ushauri wa binamu yako wa Leicester, Uingereza, usiutumie Minneapolis, Marekani, utafungua vitu visivyofunguliwa.

Sasa fundi. Fanesi yetu iko besimenti. Inawaka, unaskia moto umeshika kabisa, halafu sekunde chache inazima. Inajaribu tena, inazima. Ikishindwa ya tatu inanyamaza na tunakaa na baridi kama lisaa limoja ndio ianze upya. Landilodi yuko Florida anasema atatuma mtu Jumatatu. Kuna kitu naweza fanya? — Minneapolis

Poa ndugu yangu, na pole. Umenisaidia sana kwa sababu umeisikiliza mashine, wengi wananiandikia tu "haifanyi kazi" basi.

Fanesi ya gesi ya siku hizi inawaka kwa mpangilio na haurukwi. Thamostati, kile kidude cha ukutani cha kuchagua joto, ikiita joto, kwanza kinaanza kifeni kidogo cha kuvuta moshi nje, utasikia kinanguruma. Kuna swichi ya presha inahakikisha hewa kweli inapita, ikiridhika kiwashio kinakuwa chekundu cha machungwa, halafu valvu ya gesi inafunguka, tak!, moto unaruka kutoka bana (pale gesi inapotokea na kuwaka) ya kwanza mpaka ya mwisho, sensa inathibitisha moto upo, na baada ya kama nusu dakika ndio feni kubwa inaanza kupuliza. Sasa wewe kaa mbele yake na taa ya simu uone inaishia wapi, maana pale inapoishia ndipo ugonjwa ulipo. Ikinguruma tu bila kiwashio kuwaka, njia ya moshi au hewa imeziba, au kiwashio chenyewe kimepasuka (na hicho usikishike kwa vidole, vile vya zamani hasa vinavunjika kwa kuguswa tu). Fanesi nyingi za kisasa zinatoa moshi kwa bomba jeupe la plastiki ukutani nje, Minnesota theluji ikijaa pale mashine inakataa kuwaka, na inafanya vizuri kukataa. Toka ukachimbue kwanza, hiyo haihitaji fundi.

Yako lakini inafika mpaka moto unashika halafu inazima. Hapo mtuhumiwa wangu wa kwanza ni sensa ya moto. Ni kijiti chembamba cha chuma kwenye kitako cha kauri, waya mmoja tu, kimekaa ndani ya moto wa bana ya mwisho. Bodi, ile sahani ya umeme inayoongoza mashine, inapitisha umeme mdogo mno kwenye ule moto, na kijiti kikishapata utando mweupe umeme haupiti, bodi inaamini hakuna moto na inafunga gesi ili isijae ndani bila kuungua. Kwa hiyo mashine haijaharibika, inakulinda. Dawa yake ni kuzima umeme wa fanesi na gesi, kufungua skrubu moja, kukisugua kijiti kwa pamba laini ya chuma mpaka king'ae, kukifuta na kukirudisha. Nyumba ni ya kupanga, mimi ningemwachia fundi wa landilodi, ila wewe ushajua. Akija akaanza kusema bodi imekufa wakati hata sensa hajaitoa, muulize kwa upole mbona hajaisafisha kwanza. Na muonyeshe ile taa ndogo inayomweka kwenye bodi, kuna kidirisha mlangoni, hesabu inamweka mara ngapi, maana ya zile hesabu imebandikwa ndani ya kifuniko. Kifuniko chenyewe kikikaa vibaya pia mashine haiwaki, kuna swichi pale inabonyezwa na mlango.

Nikimalizia hapo hapo, kama moto ungewaka dakika kadhaa halafu ukazimika huku feni inaendelea kupuliza hewa baridi, ningesema filta. Filta ikijaa vumbi hewa haipiti, chuma kinapata moto kupita kiasi na swichi ya usalama inakata gesi. Itoe uiweke mbele ya taa, mwanga usipopita tupa. Mpya mshale wake uelekee fanesi. Nyumba yenye kapeti, watoto na kukaanga kila siku usisubiri miezi mitatu kama paketi ilivyoandika. Na mkifika hapo angalieni thamostati, feni ikiwekwa "on" badala ya "auto" inapuliza muda wote hata moto ukiwa umezima, ndio maana watu wanasema hita inatoa baridi.

Shikamoo fundi. Radieta za juu zina joto chini tu, huku juu ni baridi, na boila inaonyesha presha karibu sifuri. Mume wangu anasema tununue boila mpya. — Leicester

Marahaba dada. Mwambie shemeji aweke pochi chini kwanza.

Radieta baridi juu ni hewa. Zima hita, iache ipoe, chukua ule ufunguo mdogo wa radieta (duka lolote la vifaa wanao, bei ya soda), shika kitambaa chini na ufungue kidogo tu, robo ya mzunguko, utasikia sssss, maji yakianza kutoka unafunga. Ukishatoa hewa presha inashuka zaidi, ndio unajaza. Chini ya boila nyingi kuna hosi ya rangi ya fedha yenye vikoki viwili, fungua taratibu huku unatazama mshale, mfumo ukiwa baridi uwe kati ya bar 1 na 1.5, funga vyote viwili. Watu wanasahau kimoja.

Ukijaza leo na wiki ijayo imeshuka tena, hapo kuna kitu. Ama panavuja, pitisha mkono kwenye vali zote na utazame doa kwenye dari la chini, ama tangi dogo la upanuzi ndani ya boila limeishiwa hewa. Dalili ya hilo la pili ni presha kupanda karibu 3 ikiwaka na kabomba ka shaba nje ya ukuta kanadondosha maji. Radieta ikiwa kinyume, moto juu na baridi chini katikati, ni matope meusi ya kutu, inataka kuoshwa, hewa haihusiki. Na moja ikiwa baridi yote wakati nyingine zinachoma, ile vali yenye namba kapini kake kamenata, hasa baada ya kiangazi. Toa kichwa cha vali, kabonyeze kale kapini taratibu karuke kenyewe, usikavute.

Mwisho wa kazi yako ni hapo. Kifuniko cha boila usifungue, fundi wa gesi lazima awe kwenye rejista ya Gas Safe, orodha rasmi ya mafundi gesi wa Uingereza, muombe kadi na uigeuze, nyuma imeandikwa kazi anazoruhusiwa. Wengine wanaonyesha mbele tu.

Jambo fundi. Sisi tunatoka Bukavu, sasa tuko Kentucky. Mashine ya joto inapuliza kidogo tu, haifike chumba cha watoto. Bwana yangu analeta makaa ya barbecue ndani ya karai usiku, tunafunga mulango. Asubui watoto wanaumwa kichwa, mukubwa alitapika. Wakienda ku masomo inaisha. Ni flu? — Mama wa Louisville

Mama, nimekujibu kwa simu siku ile ile barua imefika, hapa naandika kwa ajili ya wengine. Sio flu. Flu haipoi ukitoka mlangoni.

Hiyo ni kaboni monoksaidi, gesi ya makaa, haina rangi wala harufu, na damu inaishika kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko inavyoshika oksijeni, kwa hiyo mtoto anapumua vizuri tu na mwili wake unakosa hewa. Wakiumwa kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu, na wote ndani ya nyumba wanaumwa pamoja, toeni watu wote nje kwanza, piga 911 ukiwa nje, sema "carbon monoxide", na sema "Swahili", vituo vingi wanaunganisha mkalimani. Waende hospitali hata kama wamejisikia nafuu.

Najua wengi wetu tumekua na jiko la mkaa chumbani, Makete, Limuru, Kivu milimani, na hata huko kila mwaka watu wanalala hawaamki. Nyumba za huku ni mbaya zaidi kwa hilo kwa vile zimezibwa kila ufa, vioo viwili dirishani. Na si wageni tu, Texas ilipoganda Februari 2021 umeme ukakatika, wenyeji kabisa waliwasha makaa na jenereta ndani na wakafa. Oveni ya gesi kuachwa wazi ipashe jikoni ni hatari ile ile. Fanesi mbovu nayo inaweza kuitoa: moto wa bluu ukigeuka wa njano na masizi yakaonekana pembeni, zima, toka, ita fundi.

Nunueni kengele yake, weka karibu na vyumba vya kulala. Ikilia mara nne, kimya, mara nne tena, ni gesi, tokeni. Ikitoa tik moja kila baada ya muda ni betri. Zile mara tatu tatu ni za moshi.

Chumba cha watoto: tazama kama tundu la hewa limefungwa kwa kale kamkono kake au kitanda kimelifunika, halafu filta. Mpaka landilodi atengeneze, tumia hita ya umeme ya mafuta, nyingi ni wati 1,500, ichomekwe ukutani moja kwa moja, sio kwenye ekstensheni, na pazia na blanketi zikae mbali nayo kama mita moja.

Fundi naona mashine ya nje inatoa moshi mweupe na feni yake imesimama, inaungua? — Charlotte

Haiungui. Hiyo ni hitipampu, inavuta joto hewani hata kukiwa na baridi, na ikipata barafu inajigeuza dakika chache kuiyeyusha, ule "moshi" ni mvuke. Ikibaki imefunikwa barafu masaa, ita mtu, usiigonge kwa kisu. Na usipandishe thamostati digrii kumi kwa mkupuo ukirudi kazini, zile koili za umeme za msaada zitawaka na bili utaniletea mimi.

Radieta inagonga usiku kama mtu yuko ndani na nyundo, halafu asubuhi nyumba baridi. Mwenye jengo anasema ni la zamani nivumilie. — Bronx

Radieta yako inapashwa na mvuke, sio maji moto kama zile za Leicester, na kugonga ni maji yaliyokwama njia ya mvuke. Radieta yenye bomba moja inatakiwa kuinama kidogo kuelekea kwenye vali ili maji yarudi, sakafu ikilala upande mwingine yanatuama na mvuke unayarusha, ndio hiyo nyundo. Weka vipande vya mbao chini ya miguu ya upande wa pili, vidogo tu. Na vali ya chini iwe wazi yote au imefungwa yote, nusu nusu ndio inaleta kelele, joto halipunguzwi pale.

Hilo la kuvumilia mwambie hapana. New York City kuanzia Oktoba 1 hadi Mei 31, saa 12 asubuhi mpaka saa 4 usiku, nje ikiwa chini ya 55 Farenhaiti, ndani lazima iwe angalau 68. Usiku ni 62 hata nje kukiwaje. Nunua kipimajoto cha bei rahisi, piga picha kikiwa na saa pembeni siku kadhaa, halafu piga 311, namba ya malalamiko ya jiji. Ujenzi wa mwaka 1920 hauko kwenye sheria hiyo kama kisingizio.

Boila inagugumia kama inasukutua halafu inazima na kuandika namba. Jirani ameniambia nimwagie maji ya kuchemka bomba la nje. — Leeds

Jirani yuko karibu na ukweli. Kuna bomba la plastiki linatoa maji ya boila nje, baridi kali ikija linaganda, maji yanarudi ndani na ndio unasikia ile sauti. Maji yawe ya vuguvugu, ya kuchemka yanapasua bomba na yakidondoka chini yanakuwa barafu ya kumwangusha postamani. Mwagia au funga chupa ya maji moto kwenye kona ya bomba, likizibuka bonyeza reset. Kiangazi mwambie fundi aweke bomba nene na alivike sponji.

Ila kabla ya yote washa jiko la gesi. Nalo likikataa, boila haina kosa, katazame mita ya kulipia kabla, salio limeisha, na ukishaongeza mita nyingine zinataka ubonyeze kitufe ndio gesi irudi. Na ukisikia harufu ya gesi usiwashe wala kuzima swichi yoyote, fungua madirisha, toka, piga 0800 111 999, simu ni bure na wanapokea usiku na mchana.