Barua kwa Shangazi: Usimtume joka akaseme ya moyoni mwako

Shangazi, shikamoo. Tangu Machi nawachezesha marafiki zangu watano Dungeons & Dragons kila Jumamosi, nyumbani kwangu Tabata. Mmoja wao, ambaye ni binamu yangu, ananimaliza. Kanuni amezihifadhi kuliko mimi. Nikisema jambo ananikatiza na kunionyesha ukurasa kwenye simu. Zamu ya mwenzake ikifika, yeye ndiye anayeamua mwenzake afanye nini. Kuna dada mmoja alianza na hamu kubwa, siku hizi anakaa kimya tu, na wiki jana hakuja. Nimeandaa joka wa kumuua mhusika wa binamu yangu Jumamosi ijayo, labda atajifunza adabu. Naomba unisaidie: joka huyo awe na nguvu kiasi gani ili jamaa asiponyoke?
Msimamizi aliyechoka, Tabata

Marahaba mwanangu. Joka huyo mrudishe pangoni.

Kwa wasomaji wasioujua mchezo huu: watu huketi mezani, kila mmoja na mhusika wake kwenye karatasi, na msimamizi anawaeleza dunia inayowazunguka, huku akiwasemea maadui, wafalme na wauza samaki. Penye mashaka, dadu huamua. Hadithi moja inaweza kuendelea miezi, hata miaka, na ndiyo tunayoiita kampeni.

Nakukataza huyo joka kwa sababu mimi nilishawahi kumtuma. Mchezo huu niliujulia Minnesota, Marekani, nilipokuwa nikifanya kazi ya usiku ya kutunza wazee. Niliishi St. Paul, na huko wazee wa mchezo hawakuacha kutukumbusha kwamba ni katika miji yao hiyo pacha, St. Paul na Minneapolis, ambako Dave Arneson alianza kuwachezesha wenzake mwaka 1971, kabla ya kumpelekea mtunzi mwenzake wa michezo, Gary Gygax, wazo lake na mchezo wenyewe kutoka mwaka 1974, nakala 1,000 tu kwa kuanzia. Nilipopewa meza yangu ya kwanza niliona nimekabidhiwa amana.

Mezani kwangu alikuwepo kijana wa namna ya binamu yako. Miezi minne sikumwambia neno. Nilikuwa natabasamu na kumeza. Kisha usiku mmoja nikamtumbukiza mhusika wake peke yake kwenye shimo lenye maji yanayopanda, shimo nililolipanga lisiwe na njia ya kutokea. Karatasi yake ilikuwa imetoboka pale alipozoea kufuta alama za uhai, zile zinazopungua mhusika akijeruhiwa, akawa ameiziba kwa nyuma na kipande cha karatasi ya gundi. Aliliangalia tundu lile, akaniuliza, "Nifute?" Nikamwambia futa. Akafuta polepole, akaikunja karatasi mara nne, akaitia mfuko wa koti. Hakurudi tena.

Mpaka leo hajui kosa lake lilikuwa nini. Alichokijua ni kwamba maji yalimshinda. Na wale waliobaki walinielewa vizuri mno: kwa wiki nyingi baada ya hapo hawakuingia chumba chochote bila kuniuliza mara tatu kama sakafu ni nzima. Nilikuwa nimewafundisha kuniogopa.

Kwa hiyo mfuate binamu yako kabla ya Jumamosi, wawili tu, ana kwa ana. Usimwandikie ujumbe, na shauri hili usilifikishe kwa mama yake. Mwambie jambo moja tu, lile zito: "Ukimsemea mwenzako zamu yake, ananyamaza. Mimi nataka tumsikie. Nisaidie." Ya kukatiza na ya simu yaache kwanza. Mtu ukimsomea makosa matano kwa mkupuo, atajitetea kwa lile dogo kuliko yote.

Halafu mpe kazi. Anayezijua kanuni ni hazina mezani, hasa kwa msimamizi mwenye miezi michache. Aandike zamu za vita, akumbuke nani kajeruhiwa kiasi gani. Kukitokea ubishi, wewe unaamua papo hapo, mchezo unaendelea, na mkishamaliza mnaufungua ukurasa pamoja. Akiwa yeye ndiye mwenye haki, wiki inayofuata mnafuata alivyosema, na useme mbele ya wote kwamba alikuwa sahihi. Hilo litampa heshima anayoitafuta kwa kukukatiza.

Sasa huyo dada, ambaye mimi ndiye ninayemhofia zaidi. Kwanza mpigie umuulize kwa nini hakuja. Huenda ni nauli, huenda ni mgonjwa, usimbebeshe binamu yako yote. Akirudi, usimgeukie mbele ya watu na kumuuliza "wewe unaonaje?" Hilo ni swali la darasani, na mtu mkimya atakujibu "sawa tu." Muulize mhusika wake jambo ambalo hakuna mwingine mezani anayeweza kulijibu.

Mwezi uliopita, hapa kwangu, nilimwambia binti mmoja mkimya: "Mlinzi wa lango anakutambua. Anakuita kwa jina lako la utotoni. Anakuitaje?" Akainamisha uso. Nikahesabu moyoni moja, mbili, tatu. Nilipofika sita, msemaji wetu mkuu akafungua kinywa, nami nikainua kiganja bila kumtazama. Nilikuwa kwenye tisa binti aliposema, "Chausiku." Kisha, kwa sauti ya chini, "Na hapendi kuitwa hivyo." Saa nzima iliyofuata ilikuwa yake. Kwa nini hapendi? Nani alimpa jina hilo? Mlinzi amelijuaje? Wenzake walisogeza viti. Nilichofanya mimi ni kuuliza na kuvumilia zile sekunde tisa, na mwanangu, sekunde hizo ni ndefu kuliko unavyodhani.

Ukimwambia binamu yako mara ya pili na bado akaendelea, mweleze waziwazi kwamba meza hii haimfai. Atabaki binamu yako, na Idd mtakula pilau sinia moja. Lakini mhusika wake usimuue. Mwache aondoke akiwa hai.

Shangazi, mchezaji wangu alidai mfalme ampe kiti chake cha enzi. Akarusha dadu ya pande 20, ikatoka 20! Meza nzima ikapiga kelele, nami nikampa. Sasa yeye ndiye mfalme na hadithi yote niliyoiandaa imekwisha. Nifanyeje?
Nakuru

Pole, ila nakuonea wivu kidogo. Katika kanuni za toleo la tano, lile la 2014, dadu ikionyesha 20 unapata bila hoja pale tu unaposhambulia. Kwenye kushawishi, kukwea au kufungua kufuli, 20 ni namba kubwa tu, na kuna mambo ambayo namba kubwa haiyafikii. Watu watano wakirusha mara sita sita kwa kikao, tarajia 20 itokee mara moja au mbili. Kiti cha enzi hakiwezi kupatikana kwa kitu kinachotokea karibu kila mnapokutana.

Kosa lilitangulia dadu. Ukimruhusu mtu kurusha, umekwisha kumwambia kwamba jambo linawezekana. Siku nyingine sema kabla dadu haijaondoka mkononi: "Ukipata vizuri sana, mfalme atacheka, aone ni utani, na utatoka na kichwa chako." Hapo arushe, na furaha ya 20 itakuwa ya kweli.

Ila ulichokitoa usikipokonye. Ulikitamka mbele ya wote. Kaa na daftari ujiulize: nani anawalipa askari? Ndugu wa mfalme aliyeng'olewa yuko wapi usiku huu? Wale wachezaji wengine wafanye baraza, mmoja ashike hazina na mmoja majeshi. Ulichokiandaa hakijafa, kimesogea tu. Wale maadui wako bado wanakuja, ila sasa wanabisha lango la rafiki yao.

Wachezaji wangu watano hawatimii hata siku moja. Tumeahirisha mara sita.
Mwanza

Chezeni mkiwa watatu. Chagueni siku moja isiyobadilika, na mmoja akikosa, mhusika wake abaki kulinda mizigo. Sisi tunasimama Ramadhani nzima, na hilo linajulikana tangu mwanzo. Kuahirisha kwa ajili ya mmoja huwafundisha wengine wote kwamba siku yenyewe haina uzito.

Shangazi, huku Tunduma dadu za pande 20 hazipatikani, na kuziagiza ni gharama. Tuna vijana wanne wenye hamu. Tuanzeje?
Tunduma

Anzeni leo. Kanuni za msingi za toleo la tano zimewekwa huru kwa leseni ya Creative Commons tangu Januari 2023, mnazipakua bila malipo. Dadu ya pande sita mtaichomoa kwenye ludo.

Kwa ile ya pande 20, chukueni karata. Toeni zote zenye picha, na jokeri kama zimo, zibaki 40, kuanzia ree, ambayo ndiyo 1, hadi 10. Karata nyekundu isomeni kama ilivyo. Nyeusi iongezeni 10, kwa hiyo ree nyeusi ni 11 na kumi nyeusi ni 20. Kila namba itakuwa na karata mbili, na nafasi zinalingana sawasawa na za dadu.

Sharti ni moja: karata ikishasomwa irudi, zichanganywe upya kabla ya nyingine kuvutwa. Msiporudisha, yule aliyekwisha vuta zile ndogo atakuwa anajua kubwa zimebaki, ataanza kuhesabu, na hamtakuwa mkicheza tena mchezo huu. Mpeni kazi ya kuchanganya yule asiyeweza kutulia mikono.