Muulize Mzee wa Ramani: Kiti cha boriti kimekuwa chekundu

SWALI: Habari Mzee wa Ramani. Nina miezi minne tangu nianze kuchora ramani za chuma kwa kompyuta, ofisi yetu iko Industrial Area. Nina boriti ya UB 305x165x40 inayoingia kwenye webu (bati la katikati) ya nguzo ya UC 203x203x46; zote zina umbo la I, UB ni ya boriti na UC ni ya nguzo. Mhandisi anataka boriti ikalie kiti cha engo, yaani chuma chenye umbo la L kilichoshikwa kwenye nguzo, na mzigo unaoshuka mwishoni mwa boriti ni kilonyutoni 90. Nikiacha pengo la milimita 20 kati ya boriti na nguzo, kiti cha unene wa milimita 12 kinapita. Nikiacha 30 ili boriti isikwame wakati wa kupandishwa, programu inakipiga rangi nyekundu. Mzigo ni uleule! Halafu kile kiengo cha juu, engo ndogo inayoshika boriti upande wa juu, kimekaa mahali pa bati la sakafu. Nifanyeje?
Kijana wa Embakasi

JIBU: Kijana wangu, programu haijakosea. Beba karai la kokoto likiwa limekugusa kifua, kisha lisogeze mbele mikono ikiwa imenyooka. Kokoto ni zilezile, ila mgongo utakwambia tofauti. Kiti cha engo hakivunjwi na mzigo peke yake, kinakunjwa na umbali wa mzigo kutoka kwenye kona yake.

Chukua kalamu. Nafuata njia ya AISC, taasisi ya Wamarekani ya ujenzi wa chuma, maana nadhani ndiyo iliyo ndani ya programu yako. Boriti hiyo, ikiwa ni ya chuma cha daraja la S275, inahitaji kulalia angalau milimita 19 juu ya kiti, na mzigo tunauweka katikati ya hizo 19. Sehemu ya kiti inayokunjwa iko milimita 10 mbele ya uso wa mguu uliosimama. Kwa hiyo pengo 20, jumlisha 9.5, toa unene 12, toa 10: unabaki na mkono, yaani umbali wa mzigo kutoka hapo panapokunjwa, wa milimita 7.5. Zidisha kwa 90, geuza milimita kuwa mita, unapata nguvu ya kukunja ya karibu kilonyutonimita 0.68. Engo ya urefu wa milimita 150 na unene wa 12 inahimili kama 1.34. Imepita bila wasiwasi. Sasa weka pengo 30. Mkono unakuwa 17.5, na jibu ni 1.58. Ndiyo hiyo rangi nyekundu. Milimita kumi tu zimezidisha kazi ya kiti zaidi ya mara mbili.

Ukitaka kubaki na 30, weka engo ya unene wa 15 na itapita. Lakini ningekuuliza kwanza: boriti itakwama wapi? Flenji ya boriti, lile bati la juu na la chini, ina upana wa 165. Ndani ya nguzo, kati ya flenji na flenji, kuna 181. Una milimita nane kila upande. Hofu yako ni ya ubavuni, nawe unaongeza nafasi mwishoni. Rudi kwenye 20 na ulale usingizi. Tena hizo 20 si nyingi wala chache: kitabu cha AISC huchora pengo la nusu inchi lakini hesabu huifanya kwa robo tatu, kwa sababu boriti inaweza kutoka kwenye msumeno ikiwa fupi kidogo.

Ukiwa hapo hapo, angalia urefu wa engo. Sehemu bapa ya webu ya nguzo hiyo, ukitoa mviringo wa kona, ni karibu 160. Engo ya 150 inaingia. Ile ya 200 ambayo programu nyingine huileta yenyewe itapanda juu ya flenji, na fundi ataikata kwa grinda huku akikutaja jina.

Kuhusu kiengo cha juu: hicho hakibebi mzigo. Kazi yake ni kuizuia boriti isilale ubavu. Kihamishie ubavuni mwa webu ya boriti, karibu na juu, bati la sakafu lipate nafasi. Kiwe chembamba, milimita 6 hadi 8, kiweze kupinda boriti inapojikunja kidogo. Na kwenye programu kiandike kuwa ni cha kufungwa mahali pa ujenzi. Kikichomelewa kwenye nguzo karakana, boriti haitashuka kutoka juu, nayo ndiyo faida kubwa ya kiti: boriti inatua, kreni inaachiliwa, mafundi wanafunga bolti bila kukimbizwa na saa ya kukodi.

Jambo la mwisho ni lile lililonifundisha adabu. Badilisha pengo kwenye kiungo kimoja, usiguse mpangilio wa mradi mzima. Miaka iliyopita, kwenye ghala moja upande wa Mlolongo, boriti moja iligongana na bomba la maji ya mvua. Nilibadilisha pengo kutoka 12 hadi 30 kwenye mpangilio mkuu, nikaona bomba limepona, nikaenda kunywa chai. Boriti zote zilifupishwa. Zaidi ya hapo, sehemu ya kuandikia mzigo kwenye programu nilikuwa nimeiacha tupu, basi programu haikuwa na cha kupinga: hakuna hata kiti kimoja kilichokuwa chekundu. Karakana ikakata. Mhandisi alipoleta tepu yake juu ya jukwaa, nguzo zilikuwa zimesimama tayari. Tukalazimika kuchomelea mbavu chini ya kila kiti, mtu ananing'inia na fimbo za kuchomelea, jenereta inanguruma chini. Mwenye karakana hakunifokea. Alinipa tu risiti za dizeli nizihesabu mwenyewe.

SWALI: Mzee, kiti tukichomelee kwenye nguzo au tukitie bolti? Fundi wangu hapa Ruiru anapenda bolti.
Mama wa Karakana

JIBU: Mama, kama una mashine nzuri na nguzo inalazwa chini ukiichomelea, chomelea. Kiti kinafika kimeshajishika, na mahali pa ujenzi inabaki bolti mbili za M20, zenye kipenyo cha milimita 20, kati ya boriti na kiti. Ila kama nguzo zitarundikwa kwenye lori, muonye dereva: kiti kinachotokeza ndicho kinachopinda kwanza. Tulishanyoosha viwili kwa nyundo, kisha tukavikata na kuanza upya.