Nani Aliivumbika Simu?

Swali limetoka Ngaramtoni, nje kidogo ya Arusha, kwa mwalimu wa baiolojia wa sekondari. Nalifupisha: "Shikamoo mzee. Mwanafunzi wangu ameandika kwenye insha, 'Wanasayansi wamevumbua kinga mpya za bakteria dhidi ya virusi.' Nimekata alama mbili kwenye 'wamevumbua' nikaandika 'wamegundua', kwa sababu kinga hizo zilikuwepo tangu zamani. Baba yake amekuja juu. Naomba uniunge mkono. Pia, ni sahihi kusema 'kirusi kimoja'?"

Marahaba, mwalimu. Sikuungi mkono. Mrudishie mtoto alama zake, kisha vuta kiti, maana umegusa kidonda nilichonacho tangu darasa la sita.

Tulifundishwa hivi, na watoto bado wanakaririshwa hivi: kugundua ni kuona kitu kilichokuwepo, kuvumbua ni kutengeneza kitu ambacho hakikuwepo. Ubao uligawanywa kwa mstari katikati. Upande huu mlima, mto na madini. Upande ule simu, redio na ndege. Kanuni safi, inakaririka, inatungika mtihani. Tatizo ni kwamba aliyeitunga hakuwahi kuvumbika ndizi.

Bibi yangu wa Kibosho alivumbika. Alikuwa na shimo kwenye kihamba (shamba la nyumbani la sisi Wachagga), nyuma ya zizi, kina chake kinafika magotini. Analitandika majani makavu ya mgomba, anapanga vichane vya ndizi mbichi, anafunika kwa majani mengine, anarudishia udongo, na juu kabisa anaweka jiwe ili sisi wajukuu tusijifanye fuko. Hapo ndizi zimevumbikwa. Siku zikitimia anaondoa jiwe, anafukua, harufu inatoka shimoni kabla ya ndizi yenyewe. Hapo zimevumbuliwa. Funika, funua. Zika, zikua. Vumbika, vumbua. Kiswahili hulitengua tendo kwa -ua, na mtoto wa miaka mitatu anaufahamu mtindo huo kabla hajaambiwa kuna kitu kinaitwa kiambishi. "Mvumbika changa hula mbovu," walisema wahenga, na sidhani walikuwa wanaonya mafundi mitambo.

Sasa niletee ile sentensi pendwa: "Graham Bell alivumbua simu mwaka 1876." Nauliza kwa adabu: nani aliivumbika? Chini ya mgomba gani? Walipofukua, waya ulikuwa umeshaiva au ulihitaji siku mbili zaidi? Kama Bell aliivumbua, basi yupo mtu aliyemtangulia akaizika, na huyo ndiye aliyestahili hataza. Simu ilibuniwa, ndugu zangu. Iliundwa. Vitenzi vipo, vizima, havidai nauli.

Mwaka mmoja, mwezi Agosti, kwenye viwanja vya Nane Nane kule Njiro, nilimkuta kijana aliyeunda mashine ya kukoboa buni inayozungushwa kwa pedali za baiskeli. Kazi ya maana. Nilikanyaga mwenyewe mpaka jasho likanitoka. Juu yake bango: MVUMBUZI CHIPUKIZI. Kijana amesimama mbele ya gunia la buni, neno "kubuni" linamchungulia kutoka guniani, na waliomchapia bango wakaenda kukodi kitenzi cha shimo la ndizi! (Najua, buni na kubuni yanafanana kwa sauti tu. Lakini bahati kama ile huja mara moja.)

"Gundua" nalo lina kwao. Kwa wazee, kumgundua mtu ni kumkuta bila kutarajia, kumfumania: mwizi amegunduliwa ghalani, mguu mmoja ndani. Kwa hiyo hata Johannes Rebmann, mmisionari wa Kijerumani, ambaye vitabu vinamvisha vyeo vyote viwili kwa sababu aliuona Kilimanjaro tarehe 11 Mei 1848, mimi simpi hata kimoja. Mlima haukuwa umevumbikwa, wala haukufumaniwa ukioga. Aliuona, kama tunavyouona sisi hapa Moshi asubuhi mawingu yakiwa na hisani.

Turudi kwa bakteria wako, maana hao wametupa matendo yote matatu, kila moja na kitenzi chake.

Mwaka 1987, Yoshizumi Ishino na wenzake wa Osaka walikuwa wanasoma jeni moja ya E. coli, bakteria anayekaa matumboni mwetu. Pembeni ya jeni hiyo wakakuta vinasaba vinavyojirudiarudia, katikati ya rudio na rudio pana nafasi karibu sawa. Hawakuvitafuta na hawakujua ni vya kazi gani. Walifumania kitu. Hiyo ndiyo gundua, ya kizee kabisa. Baadaye ilikuja kujulikana kwamba katika nafasi zile bakteria anatunza vipande vya virusi vilivyowahi kuushambulia ukoo wake. Mwaka 2007 watafiti wa kampuni ya Danisco walionyesha hilo kwa bakteria wa mtindi: aliyesalimika anaongeza kipande kipya, na virusi hivyo vikirudi anavitambua. Mfumo huo ndio CRISPR unaousikia.

Mwaka 2018, kundi la Rotem Sorek wa Taasisi ya Weizmann, Israel, lilikuja kwa namna nyingine. Hao hawakujikwaa. Ilishajulikana kwamba jeni za ulinzi hupenda kukaa jirani jirani, kama viazi vilivyovumbikwa ndani ya majivu: ukikigusa kimoja kwa kijiti, wenzake hawako mbali. Basi wakachokonoa kandokando ya jeni zilizojulikana, bakteria kwa bakteria, maelfu kwa maelfu. Jeni walizoshuku kuwa za ulinzi wakazipandikiza kwa bakteria wa maabara, kisha wakawamwagia virusi waone nani atapona. Wakaibuka na mifumo 9 ya kupambana na virusi, na mmoja zaidi wa kuzuia plasmidi, yaani vipande vya DNA vinavyohama kutoka bakteria hadi bakteria. Wakaipa majina ya miungu walinzi: Zorya wa Waslavi, Gabija wa Walithuania, Hachiman wa Wajapani. Ruwa wa Wachagga hakualikwa, tutalizungumza siku nyingine. Ila hicho walichofanya, mwalimu, ndicho kuvumbua. Jivu lipo, kijiti kipo, kiazi kipo. Mwanafunzi wako alilenga katikati, hata kama kwa bahati.

Na jivu hilo bado halijaisha. Kuna mfumo ambao bakteria akishavamiwa anatengeneza molekuli ndogo inayopiga mbiu ndani ya seli, na seli inajiua kabla virusi havijamaliza kuzaliana, jirani wapone. Mwaka huohuo wa 2018 watafiti wa Toronto walionyesha kwamba bakteria wa udongoni wa jamii ya Streptomyces hutoa kemikali zinazozuia virusi visijizidishe. Mojawapo ni daunorubisini, ambayo hospitali zinaitumia kutibu saratani ya damu. Dawa tulikuwa nayo mkononi miaka yote, matumizi ya mwenye dawa ndiyo yaliyokuwa yamevumbikwa.

Na kubuni? Mwaka 2012 Emmanuelle Charpentier na Jennifer Doudna walichukua molekuli mbili za RNA zinazouongoza mkasi wa CRISPR, yaani protini yake inayokata vinasaba, wakaziunga zikawa moja, ili mkasi uagizwe kukata pale mtu anapotaka. Molekuli hiyo ya kuungwa hakuna bakteria aliyewahi kuwa nayo. Walibuni, na mwaka 2020 wakapewa Nobeli ya Kemia. Yeyote atakayeandika kwamba "waliivumbua" nitamuuliza lile swali langu la mgomba.

Ukitaka kweli kukata alama kwenye sentensi ile, kata kwenye "mpya". Kinga hizo zina umri ambao sisi na mlima wetu ni watoto wa juzi. Hata baadhi ya kinga za miili yetu zina asili moja nazo. Kipya ni habari tuliyopata. Nusu alama inatosha, na usitumie kalamu nyekundu.

Najua vita hii nimeshashindwa. "Mvumbuzi" amekwishachapwa kwenye vyeti, kwenye mabango na kwenye fulana za wanafunzi, na sitazunguka mjini nikizivua fulana. Mjukuu wangu mwenyewe aliniletea daftari lenye sentensi ya Bell. Nikamuuliza, nani aliivumbika? Akanitazama akasema, "Sijui, babu. Ila ya kwako umeivumbika wapi, mbona kila nikipiga haipatikani?"

Kuhusu "kirusi kimoja", sema tu. Neno lilitoka Kilatini na vi- yake, tukaidhani ya wingi, tukalichongea umoja. Ndivyo tulivyokifanya kitabu cha Mwarabu, na ndivyo tulivyokifanya kipilefti cha pale Mnara wa Saa, Arusha, ambacho wenzake wote ni vipilefti na hakuna aliyewahi kuandamana. Warusi wana Kirusi chao, chenye herufi kubwa.