Hobi ya dakika ishirini: kwa anayeanza kazi au chuo

Miezi ya kwanza ya kazi mpya au ya chuo ndiyo inayoua hobi nyingi. Gita linafungiwa kwenye mkoba wake, uzi unarudi kabatini, na mtu anajipa moyo kwamba ataendelea mambo yakitulia. Usiyasubiri yatulie.

Anza kwa kupiga hesabu kwenye karatasi. Wiki ina saa 168. Ukilala saa 8 kila usiku, toa 56. Kazi au masomo tuseme 45, safari ya kwenda na kurudi 10. Kupika, kula, kuoga, kufua na usafi, saa 3 kwa siku, ni 21. Zimebaki 36. Toa hata 24 za familia, ibada, marafiki na kujinyoosha tu, bado una 12. Shida ni kwamba hizo 12 haziji kwa mkupuo. Zinakuja vipandevipande: robo saa chakula kikiwa jikoni, dakika 20 baada ya kuoga, nusu saa alfajiri nyumba ikiwa bado kimya.

Kwa hiyo, kabla ya kuuliza hobi yako inahitaji saa ngapi, uliza inachukua dakika ngapi kuitandaza na kuikusanya. Hapo ndipo wengi wanapokwama bila kujua. Chukua uchoraji. Rangi za mafuta hukaa siku kadhaa bila kukauka, na brashi zake husafishwa kwa kiyeyushi. Ukiwa na dakika 20, nusu itaishia kwenye usafi. Akriliki huosheka kwa maji, lakini hukauka haraka, na ikishakauka kwenye brashi hailainiki tena kwa maji. Ukiitwa ghafla ukaisahau, brashi imekwisha. Rangi za maji ndizo rafiki wa mtu mwenye vipande vya muda: zikikauka kwenye kisahani, tone la maji linazirudisha. Ukipenda kuchora, anza na hizo, au na penseli na daftari dogo, kisha mafuta yawe ya siku za mapumziko.

Gita nalo litoe mkobani. Liweke kwenye stendi, mbali na jua na joto la jiko, mahali ambapo mkono unalifikia bila kuhamisha kitu. Dakika 2 za kutyuni nyuzi, 8 za kuhamisha vidole kutoka mkao mmoja kwenda mwingine polepole, 10 za wimbo unaoupenda. Kwa anayeanza, dakika 20 kila siku zinafaa kuliko saa 2 za Jumamosi, kwa sababu ncha za vidole huuma hadi zifanye sugu, na sugu hujengeka kwa kurudiarudia. Ukikaza saa 2 kwa siku moja utapata malengelenge, na wiki inayofuata hutaligusa.

Jifunze pia mahali pa kuachia. Kwenye kuandika au kuchora, simama ukiwa bado unajua hatua inayofuata, na uiandike pembeni kwa maneno matano au sita: “kesho, kivuli cha sikio la kushoto”. Ukirudi hutapoteza dakika 10 ukikodolea macho karatasi. Kufuma kwa sindano mbili ni kinyume: maliza mstari kwanza, maana ukiachia katikati vitanzi huteleza, na ukirudi ni rahisi kugeuza kazi upande usio wake. Kwa kroshia unaweza kuachia popote, mradi ukivute kitanzi cha mwisho kiwe kirefu au ukitie pini kisifumuke.

Wanaofanya kazi kwa zamu wasijifunge kwa saa ya ukutani. “Saa 2 usiku” haina maana wiki ambayo saa 2 usiku uko kazini. Funga hobi kwenye tendo lisilokosekana: nikishavua viatu, nikishamaliza chai. Simu iwe chumba kingine, kwa sababu kuitazama mara moja tu kunatosha kumeza kipande chote. Na wapenzi wa chesi, angalieni: mchezo wa dakika 10 kwa kila mchezaji unaweza kufika dakika 20, kwa hiyo katika robo saa tatua fumbo moja au mawili, mchezo mzima uacheni.

Watu wakianza kukupa oda, fikiri vizuri. Oda ina tarehe, na tarehe itakufuata hadi kwenye usingizi wako. Mwaka wa kwanza, toa zawadi ukipenda, lakini usipokee malipo ya awali.

Zitakuja wiki za mitihani au za kufunga hesabu. Hapo punguza hadi dakika 5: tyuni gita, fuma mstari mmoja, chora kikombe kilicho mbele yako. Siku zilizokupita usizilipe. Ukikosa tatu, ya nne ifanye dakika 20 zilezile.